Siku ya Shangazi

Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. Cha kushoto kiliandikwa ANAZAA, cha kulia TASA, na aliyeibuni, popote alipo, bila shaka alikuwa na haraka ya kwenda kula. Kila mbwa jike katika mabanda ya kampuni ile ya ulinzi alikuwa na fomu yake, na kila fomu ilikuwa na alama ya kalamu katika kisanduku kimoja au kingine. Hapakuwa na nafasi ya kuongeza neno.

Mabanda yenyewe yalikuwa kumi na mawili, safu mbili nyuma ya ofisi, sakafu ya saruji yenye mteremko ili maji yakimbilie mferejini, na mlango wa wavu wa chuma kwa kila mkazi. Aliyeyaosha na kuwalisha wakazi wake alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndoo tangu utotoni. Usoni walinzi walimwita Mama. Akishapita walimwita Mama Mbwa, wakachekea puani, kwa sababu kila mtu alijua kwamba hakuwahi kuzaa. Aliwasikia. Anayeshinda na mbwa hujifunza kusikia. Sisi tumwite Mtunzaji, mpaka mwenyewe atakaposema vingine.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua bomba, Mtunzaji alichukua vipande vya shuka kuukuu, vyeupe pe, alivyovikata sawa na kiganja chake. Aliwapangusa majike nyuma, mmoja baada ya mwingine, kisha akakiinua kila kitambaa kwenye mwanga. Walinzi waliona kinyaa. Yeye alikuwa amefundishwa hivyo na mzee aliyemwachia kazi ile: "Usingoje sakafu ikuonyeshe damu. Wapo majike wasafi kuliko mimi na wewe, wanajilamba mpaka hakibaki kitu. Sakafu itakudanganya. Kitambaa hakikudanganyi."

Msafi kuliko wote alikuwa Shangazi. Alikuwa jike la miaka mitano, rangi ya majivu, sikio moja limesimama na jingine limelala, na jina lake alilipata kwa namna alivyomtazama mgeni kuanzia viatuni hadi usoni, kama mtu aliyesikia habari zako na hakuzipenda. Shangazi alikuwa amezaa mara tatu, kila joto la kutaka dume lilipomjia, bila kurukwa hata mara moja. Saba, wanane, saba. Mara ya tatu maziwa yalimnyonya yeye badala ya yeye kuwanyonyesha watoto. Alikakamaa miguu, akatetemeka, na Mtunzaji alikishikilia kichwa chake nyuma ya pikapu njia nzima hadi kwa daktari wa mifugo. Alipona, lakini watoto walipoachishwa, mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Meneja wa wakati ule alimtazama akatikisa kichwa. "Mama, safari ijayo huyu apumzike." Kisha akahamishwa, na ahadi yake ikapanda gari pamoja naye.

Meneja mpya alitoka kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, na hakumruhusu mtu kusahau. Alivaa buti za mpira za kijani hata ofisini, na kila hoja yake ilianzia zizini. Ukimwambia mlinzi wa zamu amechelewa, alikujibu kwamba ng'ombe hasubiri kukamuliwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ile dosari ya mtu anayejua jambo moja vizuri mno, akadhani ameyajua yote.

Kampuni ilikuwa imepata kazi ya kulinda maghala mapya, na wenye maghala walitaka mbwa wanane zaidi ifikapo mwisho wa mwaka ujao. Wanane hao, Meneja aliamua, watatoka tumboni mwa Shangazi.

"Ana rekodi safi huyu," alisema akiligonga faili kwa kidole. "Ishirini na wawili kwa mizao mitatu. Hii ni mashine."

"Ndiyo sababu apumzike, bosi," Mtunzaji alisema. "Aliyekutangulia aliahidi."

"Ahadi iko wapi kwenye faili?"

Kwenye faili haikuwepo. Ilikuwa kinywani mwa mtu aliyekwishahama.

Jumatatu moja kitambaa kilitoka na alama nyekundu, ndogo kama punje ya mchele. Mtunzaji alijua: hiyo ni siku ya kwanza. Alikikunja, akakitia mfukoni mwa aproni, wala hakumwambia mtu. Shangazi alijilamba, akajilamba tena, na sakafu ikabaki kavu. Meneja hakuona kitu mpaka Alhamisi, tone moja lilipodondoka kwenye saruji karibu na buti lake. Alishangilia kama mtu aliyeokota pete.

"Joto! Mama, huyu yuko kwenye joto. Mlete Jenerali leo hii."

"Siyo leo, bosi. Hiyo damu inapiga hodi tu."

"Mama, mimi nimelelewa na ng'ombe. Ng'ombe akilia asubuhi, jioni apandwe. Ukilala siku moja, imekula kwako."

Hapo Mtunzaji angeweza kumweleza. Angeweza kumwambia kwamba mbwa si ng'ombe. Kwamba siku tisa za mwanzo, moja zaidi au moja pungufu, jike hutoka damu, huwatia madume wazimu, na huwakataa wote. Kwamba damu hufifia pole pole hadi ifanane na maji yaliyooshea nyama, na hapo ndipo hukubali, siku nyingine tisa hivi. Kisha hufunga mlango, na huwezi kuufungua kwa nyundo, mpaka ipite miezi sita au saba. Alifungua kinywa ayaseme yote hayo. Akakifunga. Alikuwa ameona upenyo. Mwache ahesabu kwa hesabu ya zizini, akose, na Shangazi apate mapumziko yake bila mtu kugombana na mtu.

"Wewe ndiye bosi," alisema, akajitia hamnazo.

Jenerali alikuwa dume kubwa jeusi lenye kifua cha kuvishwa nishani. Aliingia bandani akinusa hewa, mkia juu. Shangazi alimngoja afike karibu, akakaa kitako juu ya mkia wake mwenyewe, na Jenerali alipozunguka kutafuta njia nyingine, alimng'ata sikio. Ijumaa ikawa vile vile. Jumamosi Jenerali mwenyewe aligoma kuingia, akajilaza mlangoni akitazama ukuta kama mtu anayesoma tangazo. Meneja alimsukuma kwa buti, akamsihi, akamtukana kwa lugha ya ng'ombe. Mtunzaji alikuwa ameshika ufagio, na tumbo lilimuuma kwa kicheko alichokizuia.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Jumatatu aliitwa ofisini atie sahihi. Fomu ya Shangazi ilikuwa mezani, na ndani ya kisanduku cha kulia palikuwa na alama ya kalamu, imekandamizwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Tasa?" Mtunzaji aliuliza. "Bosi, amezaa ishirini na wawili."

"Alizaa. Kizazi kimefunga. Ng'ombe akikataa dume mara tatu anakwenda buchani. Mbwa hana bucha, ana sindano. Daktari anakuja Ijumaa, na lile banda nalihitaji kwa jike litakalozaa."

"Hapa hakuna pa kuandika jambo jingine?"

"Visanduku ni viwili, Mama. Weka sahihi hapo chini, penye 'Mtunzaji'."

"Kalamu yangu nimeiacha bandani," alisema, akatoka.

Neno lile alikuwa analijua. Aliwahi kulivaa. Aliolewa akiwa na miaka ishirini na moja, akakaa miaka saba, na kwa miaka yote saba mama mkwe wake alitundika kalenda kando ya mlango wa jikoni na kuzungushia tarehe kwa kalamu nyekundu, ili kila aingiaye kunywa maji ajue mwezi huu nao umepita bure. Hakuna aliyemwomba mume aende hospitali. Mume alikuwa na mabega mapana, basi ikadhaniwa na mengine yote yako sawa. Siku aliyorudishwa kwao na sanduku moja, neno "tasa" lilikuwa limeshafika kabla yake, limeketi sebuleni linamngoja. Mke aliyefuata alikaa miaka tisa. Kalenda ilibadilishwa mara tisa, kisha naye akatoka na sanduku lake. Hakuna aliyekuja kumwomba radhi Mtunzaji, na yeye hakungoja. Lakini hasira aliitunza vizuri, na sasa, miaka mingi baadaye, aliikuta mbichi kama siku ile.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyeshikilia mlango neno likaingia.

Jioni ile alimweleza mdogo wake, fundi wa kushona sare za shule, ambaye aliishi naye chumba na sebule. Mdogo mtu alikuwa anapiga pasi mikunjo ya sketi.

"Si umwambie tu siku yenyewe?" aliuliza.

"Nikimwambia, anampandisha. Akibeba mimba na mwili ule, simwoni akitoka salama. Nisipomwambia, Ijumaa anadungwa."

"Basi hakuna njia ya tatu, dada?"

"Visanduku ni viwili."

Mdogo wake aliisimamisha pasi. "Vya nani?"

Mtunzaji alikwenda kulala na swali hilo, na asubuhi aliamka nalo, na njiani kwenda kazini alipita dukani akanunua kufuli.

Jumanne kitambaa kilikuwa chekundu. Jumatano chekundu kilichopauka. Alhamisi alikiinua kwenye mwanga akaona rangi aliyoingoja, ile ya maji yaliyooshea nyama, na alipoweka kiganja juu ya kiuno cha Shangazi, mkia ulijisogeza pembeni wenyewe, taratibu, kama pazia. Banda la pili kutoka pale Jenerali alianza kulia kwa sauti nyembamba isiyolingana na cheo chake.

"Umefika, mama yangu," Mtunzaji alimnong'oneza. "Sasa tusaidiane."

Ijumaa saa nne daktari wa mifugo alifika na begi lake la ngozi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa anamjua Shangazi tangu ile safari ya pikapu. Meneja alimpokea kwa mikono miwili, akampeleka hadi mlangoni mwa banda, fomu ikiwa kwenye ubao wa kuandikia. Walinzi wa zamu ya asubuhi walisogea. Jambo la sindano huwavuta hata wasiolipenda.

Mtunzaji alikuwa ndani, amesimama kando ya mbwa wake.

"Tasa," Meneja alisema. "Tumemletea dume siku tatu mfululizo, kakataa zote."

"Siku zipi?" daktari aliuliza.

"Tangu nilipoona damu. Siku ile ile jioni, na mbili zilizofuata. Sikuchelewa hata saa moja."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Ulichelewa kuchelewa," alisema.

"Sikuelewi."

"Daktari," Mtunzaji alisema, "mwekee mkono hapa, juu ya kiuno. Na wewe bosi sogea, utazame mkia. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini leo nakwambia."

Daktari aliingia, akainama, akaweka kiganja. Mkia ukasogea pembeni. Aliuondoa mkono, mkia ukarudi. Akauweka tena, ukasogea tena. Jenerali alijirusha kwenye wavu wake mpaka kufuli likalia, na mlinzi mmoja wa getini, yule aliyezoea kucheka kuliko wote, akasema "Loo!" Mtunzaji alitoa mfukoni vitambaa kumi na viwili, akavipanga sakafuni kwa mstari, kuanzia kile chenye punje hadi kile cha asubuhi hiyo. Vilijieleza vyenyewe.

"Hii ni siku ya kumi na mbili," alisema. "Wewe uliona ya nne ukadhani ndiyo ya kwanza, ukamletea dume mlango ukiwa umefungwa. Aliyemwita tasa hajui kuhesabu."

Meneja aliiva masikio. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nikanyamaza, nikitaka ukose. Hilo ni kosa langu, nalikiri mbele ya watu. Ningekwambia ana kwa ana kwamba hapandishwi, badala ya kujificha nyuma ya ujinga wako."

Daktari alikuwa ameshafunga begi. "Mimi sidungi mbwa mzima," alisema.

Uso wa Meneja ulifunguka wote. Hakuwa mtu wa kukaa na kinyongo palipokuwa na faida. "Basi heri! Kumbe ndiyo leo! Mlete Jenerali. Fungueni kule!"

Mtunzaji alitoka bandani, akavuta mlango nyuma yake. Alitoa kufuli jipya, akalipachika, akalibana kwa vidole viwili. Ufunguo aliutia kwenye kamba, kamba akaivaa shingoni, akaitumbukiza ndani ya gauni.

"Hapana," alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema si tasa, na hazai. Yote mawili kwa pamoja. Amezaa mara tatu bila kupumua, ya tatu nusura afe mikononi mwangu, daktari huyu hapa ni shahidi. Joto hili anapumzika. Likija jingine tutazungumza."

Meneja alimgeukia daktari. "Mwambie."

"Niliitwa kudunga, sikuitwa kushauri," daktari alisema. "Lakini ukiniuliza, angekuwa wangu asingepandwa." Akanywa maji bombani, akaenda zake.

"Mama, fungua."

"Sifungui."

"Nitakuandikia barua."

"Andika. Nitakuwa hapa hapa." Aligeuza ndoo, akaketi juu yake, mgongo kwenye wavu. Nyuma yake Shangazi aliketi pia, akamtazama Meneja kuanzia kwenye buti.

Hivyo ndivyo ulivyoanza mgomo wa mtu mmoja na mbwa mmoja. Kazi yake hakuacha hata moja. Aliosha mabanda yote, akalisha wakazi wote, kisha akarudi kwenye ndoo. Jioni aliondoka na ufunguo shingoni, alfajiri akarudi nao. Jumamosi Meneja alimwita fundi wa kuchomelea vyuma aje akate kufuli. Fundi alichuchumaa na msumeno wake, Shangazi akausogeza uso wavuni na kumwonyesha meno yote, ya mbele na ya nyuma. Fundi alikusanya vyombo vyake. "Mimi ni fundi wa vyuma," alisema. "Ya meno tafuteni fundi wake."

Jumatatu mlinzi wa getini, yule wa "Loo," alikuja na kiti cha plastiki. Alikiweka chini bila kumtazama usoni.

"Ndoo itakuumiza mgongo, Mama."

"Na wewe hujanicheka leo?"

"Mke wangu ana watoto wanne kwa miaka mitano," alisema kwa sauti ya chini. "Jana nimemsimulia habari ya huyu mbwa. Hakucheka. Amenuna mpaka leo." Akarudi getini, na siku hiyo alimfungulia kila mtu geti kwa adabu isiyo ya kawaida.

Jumanne barua ilikuja. Meneja aliileta mwenyewe. Mtunzaji alisema miwani ameiacha nyumbani, amsomee. Ikabidi asome, amesimama mbele ya mabanda kumi na mawili, na mbwa, kwa kuwa waliipenda sauti yoyote inayosomwa polepole, walinyamaza wote wakamsikiliza. Alipofika kwenye "utovu wa nidhamu uliokithiri" alianza kumung'unya maneno. Alipofika kwenye "kuzuia mali ya kampuni kuzalisha" akakohoa.

"Imeandikwa vizuri," Mtunzaji alisema alipomaliza. "Nipe nitie sahihi, niende zangu. Ila nikuulize jambo moja, na unijibu kama mtu mzima. Joto lijalo nani atakwambia siku? La Shangazi na la hao watano wengine. Utamuuliza ng'ombe?"

Meneja alikunja barua. Aliikunja mara mbili, kisha mara ya tatu, akaitia mfuko wa shati.

"Mama, mimi nimeahidi watu mbwa wanane."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema jambo bila ng'ombe ndani yake, na Mtunzaji alilainika kidogo. Kidogo tu. "Uliahidi kwa tumbo la nani?" aliuliza. "Hapa kuna majike sita. Wawili hawajawahi kupandwa, na wana afya ya kuvunja mlango. Ungeniuliza, ningekwambia. Hukuniuliza. Ulitazama faili ukaona mashine." Alishika kamba shingoni mwake. "Nilishawahi kuhesabiwa tarehe ukutani, bosi. Miaka saba. Nikatiwa kwenye kisanduku na watu ambao hawakutazama chochote. Mimi sikuwa na mtu wa kukaa mlangoni. Huyu anaye."

Meneja akaenda zake, na buti zake zikapiga kelele saruji nzima.

Siku zikasogea. Jumatano Shangazi alilia alipomsikia Jenerali, na Mtunzaji alimkuna shingo kupitia wavuni akamwambia anajua, anajua. Haikuwa rahisi kwake kumnyima mwenziwe kile ambacho mwili wake ulikuwa unakidai. Alimwomba radhi kwa sauti. Alhamisi kitambaa kilikuwa cheupe kuliko jana. Ijumaa mkia ulisita. Jumamosi asubuhi, siku ya ishirini, kitambaa kilitoka kama kilivyoingia, na alipoweka kiganja kiunoni, Shangazi aligeuka akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeguswa na asiyemjua.

Mtunzaji alicheka peke yake mpaka akafuta machozi. Kisha akaenda ofisini, akavua kamba, akauweka ufunguo mezani mbele ya Meneja.

"Haya," alisema. "Mlango wako huo."

Meneja aliutazama ufunguo kama unaweza kumng'ata. Kisha akaunyakua, akatoka mbio, akamfungulia Jenerali, akamfungulia Shangazi, na walinzi wa zamu wakaja kama kawaida yao. Jenerali aliingia akanusa. Akanusa tena. Akaenda pembeni, akainua mguu, akakojolea nguzo. Shangazi, kwa kutaka pasiwe na shaka yoyote, akakaa kitako juu ya mkia wake na kupiga mwayo.

"Mbona hivi?" Meneja aliuliza.

"Siku imepita. Mpaka miezi saba hivi, Mungu akipenda."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaishia njiani, kwa sababu Meneja mwenyewe alikuwa anatikisika mabega. Ilichukua muda watu kutambua kwamba alikuwa anacheka. Alijifuta uso kwa kiganja. "Na ikirudi," alisema, "utaniambia?"

"Nitazitazama mbavu zake kwanza. Kisha nitakwambia, na safari hii utanisikia."

Meneja alitikisa kichwa, lakini kwa kukubali. Aliitoa ile barua mfukoni, ikiwa imechakaa kwa mikunjo, akaitupa mferejini, na maji ya bomba yakaichukua. "Fomu bado haina sahihi yako," alisema. "Ya Shangazi. Imekaa mezani wiki mbili."

Walirudi ofisini. Mtunzaji aliomba kalamu, kwa kuwa ya kwake ilikuwa bandani kweli safari hii. Alikata kile kisanduku cha TASA kwa mstari mmoja, kutoka kona hadi kona. Hakugusa cha ANAZAA. Pembeni, mahali ambapo mwenye fomu hakuacha nafasi ya neno, alichora kisanduku cha tatu kwa mkono wake usiozoea kuchora, kimepinda upande mmoja, kikubwa kuliko vile viwili, akaandika ndani yake APUMZIKE.

Kisha akashuka chini, kwenye mstari wa sahihi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiweka hapo herufi mbili za jina lake. Mlinzi wa getini alikuwa amesimama mlangoni akichungulia, na aliona alichoandika, kwa herufi kubwa, polepole, bila kusita: MAMA MBWA.

"Sasa iteni," alisema, akamrudishia Meneja kalamu yake. "Na mniite usoni."